Mkuki na ngao tumeweka, majina yako wapi?

Mhariri salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua mtanikata maana huwa naandika marefu lakini hili niachieni hata nusu yake. Mi ni muuza vyombo hapa Kariakoo, masufuria, madeli, hotpoti, mtaa sitaji watu wa kodi nao wanasoma magazeti (natania).

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wateja walikuwa wachache basi TV ya dukani tukaiwasha tukawa tunaangalia shughuli. Rais kaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi kaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, halafu mzee mmoja wa wale waliopigana vita akasogea taratibu akaweka shoka. Tarumbeta ikalia, watu kimya, viongozi wa dini wakaomba dua kila mmoja kwa imani yake. Gwaride limenyooka kama limepigwa rula, sina la kulalamika hapo kabisa. Sasa dogo ninayefanya nae kazi, kamaliza form four juzi juzi tu, akanigeukia ana chapati mkononi akaniuliza, bosi, hawa mashujaa wenyewe ni kina nani? Nikamwambia ni wale waliokufa vitani. Akasema hilo najua bosi, nauliza kina nani, yaani majina.

Mhariri nilifungua mdomo nikakosa cha kutoa. Nikamtajia Mwalimu Nyerere, dogo akacheka, akasema Mwalimu si alikuwa rais. Nikamtajia Jenerali Musuguri, lakini Musuguri kafariki Oktoba 2024 ana miaka 104, alipigana vita ya Kagera akarudi, Mungu akamzidishia umri. Nikamtaja Jenerali Mayunga, nae alirudi. Ndo nikashtuka kwamba wote ninaowajua kwa jina ni waliorudi, na tena wenye nyota mabegani. Wale ambao siku yenyewe ni ya kwao, waliobaki huko, sikuwa na hata mmoja wa kumtajia mtoto wa watu.

Au tuseme nilikuwa nae mmoja, ila huyo namjua kwa sababu ni kaka yake baba.

Sisi kwetu Songea, upande wa kuelekea Peramiho. Baba mkubwa alikuwa mgambo wa kijiji, sio mwanajeshi wa kuajiriwa, mgambo, wale waliokuwa wanafanya mazoezi uwanja wa shule na bunduki za miti. Ilipofika Oktoba 1978 nduli Idd Amin akaingiza majeshi yake Kagera, tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba kipande chote cha kaskazini ya mto Kagera ni cha Uganda, siku mbili mbele wakalipua daraja la Kyaka. Katikati hapo tarehe 2 Mwalimu akaongea na taifa, yale maneno kila Mtanzania wa umri wangu anayajua hata usingizini, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Jeshi letu kabla ya hapo halikufika watu 40,000, mpaka vita inakolea walikuwa wamepita 150,000, na kama 40,000 katika hao ni mgambo. Ndo hao kina baba mkubwa. Walipakiwa kwenye malori mpaka Makambako, kutoka hapo sisi hatujui walipitia wapi.

Yeye hakurudi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, watu walishangilia mpaka sauti zikakauka, sisi nyumbani tukawa tunasubiri. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka siku mwenyekiti wa kijiji alipokuja na askari mmoja, wakakaa kwenye gogo chini ya mwembe, wana begi la kijani. Bibi hakulia pale pale. Aliuliza swali moja tu, mmemlaza wapi? Askari akajibu, Kagera mama, kwa heshima zote. Bibi Kagera alikuwa haijui. Tangu siku ile kila mgeni aliyesema anatoka bara ya mbali bibi anamuuliza, hiyo Kagera ni mbali sana? Unafika kwa gari? Kuna mtu anafagia? Pembeni ya kaburi la babu aliacha kipande kama futi sita, akakataza mtu asilime hapo. Alifariki 1996 na hakuna mtu aliyewahi kumjibu vizuri, na kile kipande mpaka leo hakijalimwa, ukipita utaona mahindi yamekizunguka.

Askari wetu wa vita ile walizikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Kuna makaburi ya jeshi na mnara mweupe wenye majina yao. Julai 2014 shughuli ya kitaifa ilifanyika huko huko, Rais Kikwete alienda, kwaiyo sisemi kwamba serikali imewatupa. Nachosema ni hivi, Kaboya ni kona ya juu kabisa ya nchi. Kutoka hapa Dar mpaka Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300, na mtu wa Songea, wa Mtwara, wa Pemba je? Waliokufa walitoka kila kona lakini majina yao yote yamekaa kona moja. Mama wa Songea ili asome jina la mwanae inabidi avuke Tanzania nzima, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kulala njiani kwa mama wa kijijini ni hela ya mbolea ya mwaka mzima.

Kuna watu wataniambia bwana wee vita imeisha 1979, nchi ina shida kibao, hayo majina yatajaza sufuria? Mi nauza masufuria najua vinavyoyajaza. Lakini taifa sio kama mtu aliyefiwa na ndugu kwa malaria. Taifa ndilo lilikuja na lori, likasema tupeni huyu kijana tunamhitaji. Ukiazima jembe la jirani likavunjika unarudi kwake unamwambia limevunjika, limevunjikia wapi, na mpini huu hapa. Huendi kusimama barabarani ukatangaza kwamba leo tunayaenzi majembe yote. Bibi hakuwa na haja na mizinga wala tarumbeta, alitaka kujua aliyemchukua mwanae kamuweka wapi.

Sasa hili la kuwakumbuka watu kwa jumla jumla hatukulianzisha sisi, tumelirithi, na ushahidi uko Posta pale. Sanamu ya Askari, kila siku konda anapiga kelele Posta, Posta, watu wanashuka wanapiga selfi, nimeuliza watu kama kumi wiki iliyopita yule askari ni nani, watatu wamesema Mjerumani, mmoja akasema ni yule wa kwenye noti (noti gani sijui). Ile sanamu Waingereza waliisimamisha 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann. Ni ya kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918. Nendeni mkasome maandishi ya pale chini, yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Jina lako! Nimeizunguka sanamu yote mara mbili jua la saa saba linanichoma, hakuna jina hata moja.

Na hao hawakuwa wachache. Waingereza walikusanya wapagazi kama milioni moja kwenye vita ile ya Afrika Mashariki, wengine kwa kukamatwa kama mbuzi, na waliokufa kwa hesabu zao wenyewe Waingereza ni kama laki moja, na hao ni waliohesabiwa tu. Wengi wala sio risasi, ni kuhara damu, malaria, njaa, mzigo kichwani mvua inanyesha Rufiji. Wajerumani nao walikuwa na wa kwao, hao ndo hata hesabu ya kueleweka hawana. Hili soko ninalouzia linaitwa Kariakoo kwa sababu Waingereza walipoichukua Dar 1916 hapa ndo palikuwa kambi ya hao wapagazi, kwa Kiingereza kikosi chao kilikuwa Carrier Corps, wazee wetu wakalikunja neno mpaka likakaa mdomoni. Nairobi nako kuna Kariokor, ni neno hilo hilo. Watu milioni moja wamebaki kwenye jina la soko na hawa machinga hawajui, mi mwenyewe nimeuza hapa miaka tisa kabla ya mzee mmoja msomali kuniambia.

Msiseme Waingereza hawakuwa na utaratibu wa majina. Walikuwa nao, tena mzuri sana. Ile tume yao ya makaburi ya vita ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, jenerali na kuruta jiwe lao moja, bila kujali cheo wala rangi wala dini. Hapa hapa Dar, makaburi yao yako barabara ya Bagamoyo, nyasi zimekatwa vizuri kuliko uwanja wa mpira, kuna ukumbusho una majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi waliokufa vita ile ile. Wapagazi waliobeba chakula cha hao 1,500 hawamo. Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na sababu ilikuwa ubaguzi. Waziri wao wa ulinzi akaomba radhi bungeni. Miaka mia moja na ushee imepita ndo wameona kosa, ambalo Mmatumbi au Mkikuyu yeyote aliyepoteza babu yake angewaambia bure.

Wenzetu majina wanayachukulia serious, tuseme ukweli. Ufaransa hata kijiji chenye nyumba thelathini na mbwa wawili kina kinguzo chao mbele ya ofisi ya kijiji, wameandikwa vijana wa pale pale waliokufa 1914 mpaka 1918, na kila tarehe 11 Novemba kuna mtu anasimama anayasoma kwa sauti. Unasikia jina la ukoo linarudiwa mara tatu unajua hapo mama mmoja alipoteza watoto watatu. Ubelgiji kwenye mji wa Ieper kuna lango lina majina zaidi ya 54,000 ya ambao hata miili haikupatikana, na kila siku saa mbili usiku tarumbeta inapigwa, wameanza 1928. Marekani nao ule ukuta mweusi wa vita vya Vietnam, majina zaidi ya 58,000, hawakuyapanga kwa alfabeti, wameyapanga kwa siku ya kufa, kwaiyo waliokufa pamoja wamekaa pamoja. Hilo la mwisho nimelipenda sana. Sisi mgambo wa kijiji kimoja walioenda pamoja wangekaa pamoja.

Na kwa nini niende Ulaya wakati kwetu Songea lipo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni 67 siku moja kwa sababu ya Majimaji. Wakawafukia kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano yeye walimnyonga peke yake baadae, na kichwa chake kinasemekana kilibebwa kwenda Ujerumani, mpaka leo kinatafutwa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja mwenyewe Songea akainama pale akaomba msamaha. Sasa pale kaburini hawajaandika "mashujaa wa Majimaji" wakaishia hapo. Wameandika majina, moja moja, na mwanamke yumo, Nduna Mkomanile, peke yake kati ya wanaume wote wale. Kila Februari watu wanakusanyika, na mtoto wa Songea anajua kabisa huyu ni babu yake fulani, koo zinajulikana, mtu anasimama anasema mi natoka kwa huyu. Hii ni vita ya zaidi ya miaka 115 iliyopita, tulishindwa vibaya, na majina yapo. Baba mkubwa kafa kwenye vita tuliyoshinda, 1979, na kwenye kijiji chake mwenyewe hakuna hata kibao. Mnielezee hiyo hesabu inakaaje.

Mtasema jeshi lina siri zake. Kwa askari aliyeko kazini leo sawa, nakubali. Lakini siri ya 1979 ni ipi, adui nani, Amin mwenyewe kafia Saudia 2003. Na kuficha hakusaidii. Wenzetu Kenya Januari 2016 kambi yao ya El Adde huko Somalia ilivamiwa na al-Shabaab, serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa, matokeo yake kila mtu ana namba yake mdomoni na familia zinabaki zinasoma uvumi. Sisi Desemba 2017 vijana wetu 14 walipouawa usiku mmoja kule Semuliki, Kongo, kwenye ulinzi wa amani, majina yalitoka magazetini, majeneza yakaagwa watu wanaona. Vizuri kabisa. Lakini hebu nitajie wawili hapa tulipo bila kugugo. Kutangaza siku ya msiba ni habari, kukumbuka ni kurudia rudia mpaka mtoto wa darasa la tano alijue jina kama anavyojua kikosi cha Yanga.

Kwaiyo ombi langu kwa wahusika sio kubwa wala halihitaji mkopo wa benki ya dunia. Tarehe 25 Julai baada ya mkuki na ngao, asimame mtu asome majina, yote, hadharani. Tuseme ni majina 400, sekunde nne kwa kila moja, haifiki nusu saa, hotuba moja tu ya mgeni rasmi inazidi hapo. Na majina yarudi nyumbani, kibao kwenye ofisi ya kata au shule ya pale alipotoka, fundi wa mabango hapa Msimbazi anakutengenezea kwa hela ya kawaida kabisa. Wale raia wa Kagera nao wasiachwe, wanakadiriwa 1,500 waliouawa na majeshi ya Amin, wakulima waliokutwa na migomba yao, hawakuvaa sare lakini ni vita ile ile. Mi ningeongeza na lile la kuwafundisha watoto Kariakoo maana yake nini ila hapo nitaonekana najipigia debe la duka.

Kuna jambo nilitaka kulikwepa lakini dogo kanibana. Aliniuliza, sasa bosi wewe Kaboya ulishaenda? Sijaenda. Miaka yote hii nimekuwa nalaumu nauli, huku China nimeshaenda mara mbili kufuata mzigo. Nikakaa kimya nikajifanya napanga vikombe.

Basi nimeshakata shauri, mwishoni mwa Septemba biashara ikiwa imelala naenda, Dar mpaka Bukoba kwa basi, kisha nirudi nyuma mpaka Kaboya. Nikiruhusiwa na wahusika pale nitapiga picha majina yote ya mnara kwa simu, safu kwa safu, yasomeke. La baba mkubwa nitalitafuta kwanza, hata sijui kama lipo. Lipo au halipo, nikitoka huko napitiliza Songea kwa shangazi kumweleza. Kama kuna msomaji ana ndugu aliyebaki vita ya Kagera na hajui kaandikwa wapi, alete jina kamili na kijiji kwako mhariri, mi namba yangu unayo, nitaangalia nimjibu. Wa Mtwara na Pemba nawapa kipaumbele maana wako mbali zaidi yangu.

Msomaji wako,
Muuza vyombo, Kariakoo, Dar es Salaam